Seti ya mbao ya kufundishia mkao wa molekuli: karakana ya seremala, Mwanjelwa, Mbeya

Nilimwagiza fundi mmoja wa Mwanjelwa seti hii kwa shilingi 60,000, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa fizikia, ambao walikuwa wakikariri tu kwamba elektroni zinazong'olewa na mwanga hutuonyesha kama molekuli imesimama au imelala juu ya metali.

Ina ubao wa msonobari wenye vishimo vya atomi za nikeli, molekuli ya kaboni monoksaidi yenye matufe mawili, fimbo ya njano inayoonyesha uelekeo wa uga wa umeme wa mwanga, na tao lenye alama za digrii ambalo kipokezi cha elektroni huteleza juu yake. Sifa kubwa naipa bawaba iliyo chini ya molekuli: ukiiinamisha digrii 30 inabaki hapohapo, hata dawati likitikiswa.

Darasani nililaza fimbo sambamba na ubao, nikakiweka kipokezi juu kabisa. Hapo, molekuli ikiwa wima, ulinganifu hauruhusu elektroni za obitali za sigma (maeneo ya elektroni yaliyo kwenye mhimili wa molekuli) kukifikia kipokezi, ilhali za pai (yaliyo kandokando ya mhimili huo) hufika. Fimbo ikiinuliwa, za sigma nazo hujitokeza. Kwa njia hiyo watafiti wa miaka ya 1970 walithibitisha kwamba kaboni monoksaidi husimama wima juu ya nikeli, na kwa kuwa obitali ya 5 sigma, iliyo zaidi upande wa kaboni, ndiyo iliyobadilika nishati, walitambua kuwa kaboni ndiyo inayoshika metali. Mwanafunzi mmoja aliomba aiinamishe molekuli mwenyewe, kisha akauliza kama za sigma sasa zitaonekana. Swali hilo nilikuwa nimelisubiri mwaka mzima.

Kasoro ilikuwa moja: tufe la chini lilipakwa rangi nyekundu ya oksijeni. Nilipomweleza fundi, alisema, "Niachie, mwalimu," akalirekebisha siku hiyohiyo bila malipo. Seti haionyeshi ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa ambamo majaribio halisi hufanywa; suala hilo mwalimu atalieleza mwenyewe, kwani hata katika shinikizo la sehemu moja ya milioni ya milibari, uso safi wa metali unaweza kufunikwa na gesi ndani ya sekunde chache.

Nimeshaagiza seti ya pili, yenye benzini, ambayo hulala bapa juu ya nikeli.