Rivyu: apatimenti ya kutazamia Starship South Padre, nyota 3 kwa 5

Wadau mnaouliza mtalala wapi mkija South Padre Island, Texas, kutazama Starship, ile roketi kubwa ya kampuni ya SpaceX, ikirushwa, hii hapa rivyu yangu, jina la nyumba silitaji maana na mwenyewe bado tunasumbuana. Tulikuwa pale Oktoba 13, 2024, ile siku busta, yaani sehemu ya chini ya roketi, ilirudi ikadakwa na mnara.

Usafi hauna neno, AC inapiga vizuri, jikoni kila kitu kipo. Na baraza inaangalia kusini kabisa upande wa Boca Chica wanakorushia, katikati hakuna kinachoziba, kilomita nane hivi, kwa kutazama huwezi kupata pazuri zaidi.

Sasa shida iko hapo hapo. Upande wote wa baraza ni mlango wa kioo wa kusukuma, mkubwa, na raba zake zishachoka. Injini 33 zikawaka asubuhi saa moja na dakika 25, moto unauona kwanza kimya kabisa, ngurumo ikaja sekunde ishirini na kitu baadaye, na masikioni wala haikuwa kali kama nilivyotarajia, ila kifuani unaisikia, miguuni unaisikia, na kile kioo kikaanza kupumua, ndani nje ndani nje, nikiweka kiganja naona kinanisukuma kabisa. Gilasi kabatini zikatembea mpaka zikagongana.

Yaani kelele ya roketi nyingi yake iko chini sana, nyingine chini ya hezi 20, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde, ambayo sikio halipati, lakini kioo kipana na ukuta mwepesi wa jipsam vinapenda kutikisika kwa kasi hizo hizo ndogo kwa hiyo vinaitikia. Ukuta mzito wa mawe haujali sana. Nyumba nyingi huku ni mbao na jipsam, basi jaza mwenyewe.

Halafu busta ikarudi, na mshindo wake wa kupita kasi ya sauti ukatufikia, PAA! fremu ya picha sebuleni chini, kioo vipande. Watafiti wa chuo kikuu cha Brigham Young waliopima siku ile walisema kwa kelele mruko mmoja wa Starship ni kama kumi ya Falcon 9, roketi yao ndogo zaidi, na ule mshindo wa kurudi unazidi wa Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti.

Mwenye nyumba kanikata dola 40 za fremu!! Nikamwambia ndugu yangu, nyumba unaitangaza kwa roketi halafu picha umeitundika kwa kimsumari kimoja? Ati hakuna mgeni mwingine ameshalalamika. Na ufa wa kwenye kona ya dari juu ya mlango naye alitaka kunibandika, bahati mke wangu aliupiga picha tulipoingia, na ndani ushakuwa wa njano kwa uzee.

Na asijifanye hii ni habari mpya. Novemba 1967 roketi ya Apollo 4 iliporuka kule Florida, mtangazaji Walter Cronkite wa televisheni ya CBS alikuwa kilomita tano na ushee kutoka pedi ya kurushia, vipande vya dari vikawaangukia na dirisha wakalishikilia kwa mikono. Roketi ya mwezini ya Artemis I mwaka 2022 iling'oa milango ya lifti ya mnara wake yenyewe. Hapa hapa Aprili 2023 Starship ya kwanza ilichimba zege ya pedi, vumbi likafika hadi mji jirani wa Port Isabel, ndo baadaye wakaweka sahani ya chuma inayorusha maji. Hayo maji yanaokoa pedi, dirisha la mgeni ng'ambo huku ni shauri yake.

(Mimi mtu wa Malindi, tumekulia hadithi za Wataliano na San Marco, kituo chao cha kurushia roketi baharini, lakini zile roketi za Scout walizorusha mbele ya hii ni vitoto.)

Mkikodi pale pigeni picha kuta na dari zote siku ya kuingia, usiku wa kuamkia mruko shusheni fremu na gilasi mziweke kitandani. Parking ni bure, alarm za magari zililia zote kwa pamoja. Nyota 3, akinirudishia 40 yangu nampa ya nne.