Tuisheni ya abakasi: mtoto kaelewa, mwalimu kanichefua

Kituo chenyewe kiko Sinza, jina nawasitiri. Wasinisitiri wao, mimi nawasitiri.

Wanatumia abakasi, kile kifaa cha kuhesabia kwa shanga, ya Kijapani, soroban: kila kijiti kina shanga moja juu, hiyo ni tano, na nne chini za moja moja. Mwanangu yuko darasa la tatu, alikuwa anaipenda mpaka analala nayo. Mpaka hapo sina neno.

Sasa siku hiyo nimewahi kumchukua, nachungulia mlangoni: mwalimu anataja namba, mtoto kafumba macho, vidole vinacheza hewani, abakasi iko kwenye begi. Nikauliza kwa adabu zote, "Samahani mwalimu, mbona hajapewa kifaa chake?" Yule dada akanipandisha na kunishusha, kuanzia kandambili mpaka mtandio, akasema mbele za watu: "Mama, haya si mambo ya kukariri kama ya kwenu. Ungekuwa unaelewa usingeuliza."

Ya kwetu! Mimi nauza vitenge Kariakoo, kutwa napiga hesabu kichwani na wateja wananivuta huku na huku. Na ada nimelipa yote, wala sikukopa kwake.

Aliyenielewesha ni mtoto, tumebanana kwenye daladala. "Mama, abakasi naiona kichwani, nasogeza shanga zake." Akanipa mfano: una tatu, unaongeza nne, lakini chini imebaki shanga moja tu. Basi unashusha ile tano ya juu, unaondoa moja ya chini. Saba. Nusu dakika, imeisha. Mwalimu mzima kashindwa kusema hivyo?

Nilishaapa harudi. Msiwapeleke watoto, ni dharau tupu.

Ila Jumamosi moja alikuwa dukani, mteja kachukua vitenge vitatu vya 18,500. Kabla sijashika kikokotoo, kitoto kimeshatikisa vidole: "55,500." Mteja akacheka, akaacha na chenji.

Lakini msije mkadanganywa kwamba ni dawa ya hisabati yote. Hesabu za mafumbo bado zinamtoa jasho, na shuleni mwalimu anataka njia iandikwe, jibu tupu halitaki. Kwa kujumlisha na kutoa haraka, hapo sawa, nawapa haki yao.

Muhula ujao anaendelea. Atapelekwa na baba yake, maana mimi na yule dada tukikutana tena patachimbika.