Tahadhari: "Bamba la kifaru cha Amin" linalouzwa kwa mafundi Kanda ya Ziwa

Ndugu zangu wachomeleaji, wahunzi na wenye mashine za kusaga, kuna mtu anapita karakana kwa karakana akiuza mabamba ya chuma ambayo anadai yamekatwa kwenye vifaru vya Idi Amin vilivyoharibiwa katika Vita vya Kagera, na kwamba yanafaa kwa panga, visu na nyundo za mashine za kusaga. Bei yake ni karibu mara tatu ya bamba la dukani. Jirani yangu amenunua. Tumelisugua pamoja, na chini ya rangi ya kijani ya jeshi kuna kutu ya juzi juzi na chuma laini cha kawaida kabisa. Msinunue.

Anawapata watu kwa sababu nusu ya hadithi yake ni kweli. Jeshi la Amin lilikuwa na vifaru vya T-55 vya Kirusi na Sherman vya Kimarekani, lilivamia Kagera mwishoni mwa 1978, na vifaru vilipotea vitani kabla Kampala haijatekwa Aprili 1979. Wazee wetu waliyaona hayo kwa macho. Sasa huyu bwana anaichukua historia hiyo, iliyotugharimu damu, anaifanya lebo ya bidhaa.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima unene wa bamba. Bamba la mbele la mwili wa T-55 lina milimita 100, na la ubavuni milimita 80. Kichwa chake chenye mzinga kimemiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo kipande chake kitakuwa kimepinda na uso wake una chunusi za kumiminwa, hakiwezi kuwa bapa kama meza. Sherman ya aina ya M4A1 nayo mwili wake wa juu ni wa kumiminwa, umeviringika mabegani. Jamaa yetu anauza mabamba bapa ya milimita 10 na 12, kingo zimenyooka kama zimetoka kiwandani, maana ndiko zilikotoka. Ukimbana atasema ni ya gari la deraya, yaani la chuma cha kinga cha kijeshi, la kubebea askari. Ni kweli magari hayo yana mabamba membamba, lakini basi asiseme kifaru, na bado athibitishe ugumu wake.

Halafu mpigie hesabu ya uzito. Yeye anasema chuma cha kifaru ni kizito kuliko chuma kingine. Si kweli. Bamba lolote la chuma, mita moja ya mraba kwa kila milimita moja ya unene, lina karibu kilo 7.85. Kipande cha ubavu wa T-55 chenye mita moja kwa nusu mita kinapita kilo 300. Huyu anasafirisha vyake kwa bodaboda.

Hila ya sumaku pia ijulikane. Anaigusisha juu ya rangi nene, inashika kidogo, anasema "unaona, hiki si chuma cha kawaida". Deraya ya T-55 inashika sumaku vizuri sana. Kinachokataa sumaku kwenye kifaru hicho ni minyororo yake, ambayo ni chuma chenye manganizi nyingi, na chuma cha namna hiyo kipo pia kwenye taya za mashine za kuvunja kokoto. Akikuletea kipande kizito kisichoshika sumaku, kuna uwezekano mkubwa kimetoka machimboni kwenye kokoto.

Cheche za grinda zisikutoshe peke yake kukitambua chuma. Jaribio ninaloliamini kwenye karakana ni la senta panchi, ile ncha ngumu ya kupigia alama kwenye chuma: weka bamba lake kando ya kipande cha chuma laini unachokijua, ondoa rangi kote kuwili, piga kwa nguvu ileile, linganisha mashimo. Deraya ya kweli itakuwa na shimo dogo waziwazi. Bamba la jirani yangu lilibonyea sawasawa na chuma chetu. Kwa kazi kubwa, peleka kipande kwenye maabara ya vyuma kipimwe ugumu. TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda la Dar es Salaam, wanapima vyuma kama hivyo.

Na hata lingekuwa la kweli, halifai kwa mengi anayoyaahidi. Deraya ina kaboni kidogo, kama asilimia 0.3, na nguvu yake inatokana na namna ilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Mhunzi akilipasha likawa jekundu, nguvu hiyo imeondoka. Kwa panga au kisu, springi ya lori ina kaboni kama mara mbili ya hiyo na bei yake inajulikana. Kwenye mashine ya kusaga naumia zaidi, kwa sababu nyundo za bamba hili laini analouza zinalika upesi, na unga wa chuma hicho unakwenda kwenye sembe ya watoto.

Baya kuliko yote, ameanza kuwaambia wenye maduka ya huduma za fedha kwamba bamba lake linazuia risasi. Milimita 10 za chuma laini si kinga ya kumweka mtu nyuma yake. Fundi ukiagizwa mlango wa namna hiyo kwa bamba hili, kataa.

Wengine wanashawishika kwenda wenyewe kutafuta mabaki porini. Tafadhali msiende. Novemba 2017 wilayani Ngara, bomu liliua wanafunzi watano wa Shule ya Msingi Kihinga. Liliokotwa likidhaniwa ni chuma chakavu. Ukiona chuma cha kijeshi usichokielewa, usikiguse, usikipige grinda, waite polisi.

Huyu muuzaji hatoi risiti na hubadilisha namba ya simu kila mara. Akifika kwako, mwombe leseni ya biashara ya chuma chakavu, piga picha ya bamba pamoja na usafiri wake, na upeleke taarifa kituoni siku hiyohiyo. Aliyekwisha kununua asilipake rangi upya wala kulikata. Litunze kama lilivyo, ni ushahidi.