Pete ya uchumba bila almasi ya mgodini: anza na baridi ya Julai

Julai iliyopita pete yangu ya uchumba ilichomoka ndani ya karai la viazi, huku Uyole, Mbeya, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiuma hadi kwenye mifupa. Sikuisikia. Nilishtuka mchana nikijipaka mafuta, kidole kitupu. Tukamwaga gunia zima uani, mama mkwe amesimama pembeni ananitazama bila neno. Afadhali angegomba.

Pete ilipatikana. Na uzembe haukuwa wangu. Mwenzangu aliinunua Dar mwezi wa Februari, nikapimwa kidole dukani Kariakoo katika joto lile, vidole vimejaa kama mihogo. Huku kwetu mwezi wa saba vidole vinanywea. Wauzaji hawalisemi hili hata kidogo. Watakuimbia karati na mng'ao mpaka jioni. Ukiwa unaishi Mbeya, Njombe, Mufindi au, Mungu akusaidie, Makete, pima kidole mara mbili: alfajiri ya baridi na tena mchana. Pete ipite kwenye kifundo kwa kusukumwa kidogo ile alfajiri, na mchana isikubane. Ukipima mara moja tu, utarudi kwa sonara.

Na kwa sonara ndiko nilikokuta la pili. Kupunguza pete ni kukata kipande cha duara na kuunga kwa moto. Jiwe langu, lililouzwa kama almasi ya maabara, lilitoka motoni limeingia ukungu kama kioo cha Kosta asubuhi ya mvua Tukuyu. Fundi wa Mwanjelwa akacheka: "Dada, hii ni zirkonia." Yaani jiwe la kiwandani la kuigiza almasi.

Kwa hiyo orodha yangu inafuata swali moja: jiwe gani linavumilia moto wa sonara? Rangi, uwazi na ukataji mtasoma kwingine.

Ya kwanza ni moisanaiti, na sifichi kwamba naipendelea, hasa ya Charles & Colvard wa Marekani, waliotangulia kuiingiza kwenye vito miaka ya 1990. Mfaransa Henri Moissan aliikuta mwaka 1893 katika mabaki ya kimondo Arizona. Ya asili ni adimu mno, kwa hiyo ya kwenye pete zote imetengenezwa maabara, hakuna shimo lililochimbwa. Ugumu wake ni 9.25, almasi ikiwa 10, na moto wa sonara haiujali. Juani inarusha cheche za rangi kuliko almasi. Wapo wanaosema imezidi, mimi naona imetosha. Za zamani zilikuwa na ukijani fulani, ndiyo maana nasema tafuta toleo lao la Forever One, ambalo halina rangi. Ila angalia: kile kikalamu cha kupima almasi kwa joto kinaiita moisanaiti almasi. Muuzaji akikuchomekea kikalamu kikalia "pii", usitoe pesa bado. Dai kipimo kinachosoma na umeme.

Ya pili, almasi ya maabara yenyewe. Ni almasi kweli, kaboni tupu, ama imekuzwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, ama imejengwa tabaka kwa tabaka kutoka kwenye gesi. Moto inavumilia fundi akiikinga kwa asidi ya boriki, kwa hiyo muulize kabla hajawasha. Cheti kiwe cha IGI au GIA, taasisi zinazopima vito, na namba iliyochongwa kwa leza kiunoni mwa jiwe ilingane na ya kwenye karatasi. Wengi wanaikimbilia kwa ajili ya dhamiri, na siwalaumu. Utaratibu wa Kimberley, mpango wa kimataifa wa kuthibitisha almasi ulioanza 2003, unazuia almasi ghafi za waasi wanaopigana na serikali. Aliyepigwa na mlinzi wa mgodi hayumo humo. Hata mgodi wetu wa Mwadui, mwaka 2021 Petra Diamonds, waliokuwa wakiuendesha, walifikia makubaliano ya pauni milioni 4.3 kuhusu madai ya wanakijiji waliosema walijeruhiwa na wengine kuuawa. Lakini maabara nazo zinakula umeme, na nyingi ziko China na India, ambako makaa ya mawe bado yanachomwa sana.

Kinachonichoma ni bei. De Beers, walewale wa almasi za mgodini, mwaka 2018 walianza kuuza za maabara kwa jina la Lightbox, dola 800 kwa karati, na tangu hapo bei duniani imeporomoka mno. Huku kwetu? Muuzaji anakutajia bei ya mgodini bila kupepesa, halafu anakupunguzia elfu hamsini ushukuru.

Ya tatu ni safaya, yakuti samawi, na hapa nina upendeleo wa nyumbani, maana Tunduru na Songea ziko hukuhuku kusini. Ugumu 9, rangi hadi uchague. Shida ni kwamba safaya za kiwandani zipo tangu enzi za Mfaransa Verneuil, mwanzoni mwa karne ya ishirini, na nyingine zimejazwa kioo kwenye nyufa. Hizo kioo kinaharibika kwa moto. Za kiwandani hazina ubaya, mradi uuziwe kwa jina lake na kwa bei yake. Kama unataka ya udongoni, nunua soko la madini, si kwa kijana wa stendi mwenye kikaratasi mfukoni.

Tanzanaiti naipenda shingoni. Kidoleni hapana: ugumu wake haufiki hata 7, na joto la ghafla linaipasua.

Zirkonia ni ya maigizo.

Na pete za tangsteni, au zilizozungushiwa vijiwe duara zima, ziacheni hata jiwe liwe zuri vipi. Hazipunguziki.

Msitoke dukani bila risiti yenye aina ya jiwe, uzito wake na namba ya cheti. Mimi nilimpigia yule wa Kariakoo, akanijibu kwa upole kabisa nisome risiti yangu. Nikaisoma. "Pete 1, jiwe jeupe."