Geti valvu ya bronzi kwenye maji ya kisima, mwaka wa tatu sasa

Niko Kigamboni, maji yetu ya kisima yana chumvi ya kutosha, yaani sufuria tu ukiiacha na maji siku mbili unaona ukungu mweupe pembeni. Mwanzo fundi alinifungia geti valvu, yaani ile ya kufungia maji yenye kisahani ndani (ndo geti) kinachoshuka kuziba njia, ya njano ya bei rahisi, inang'aa kama dhahabu, haina jina wala namba mwilini. Haikumaliza miaka miwili. Usiku bomba la bafuni likapasuka, nikakimbilia kwenye mnara wa tanki nifunge, nazungusha hendeli inazunguka tu, maji hayapungui hata kidogo, lita 2000 zote zikamwagika huku mimi na watoto tunakimbizana na ndoo. Kesho yake tumeifungua, shafti, kile kijiti cha hendeli kinachopandisha na kushusha geti, imekatika ndani na pale ilipokatikia pamekuwa pekundu kama tofali, ukikwaruza na bisibisi panamegeka. Fundi akaniambia mama hiyo chumvi imekula zinki, brasi ni shaba na zinki, zinki ikishatoka inabaki shaba yenye vitundu vitundu haina nguvu tena.

Ndo nikaenda Gerezani, mtaa wa hapa Dar, kutafuta ya bronzi yenye zinki kidogo, inchi moja, bei karibu mara tatu ya ile. Ni nzito, rangi yake inaelekea wekundu, na ukipitisha tupa kidogo pembeni unakuta wekundu uleule. Yangu ina PN16, yaani inabeba hadi bar 16, wakati tanki langu liko mita 6 juu presha haifiki hata bar 1, kwa hiyo presha haikuniumiza kichwa. Ila muulize muuzaji shafti ni ya nini, kuna zenye mwili wa bronzi halafu shafti brasi ya kawaida, na mimi iliyoniangusha ni shafti. Na kama maji mnakunywa ulizia isiyo na madini ya risasi, maana bronzi inayotumika sana kwenye valvu ni shaba asilimia 85, halafu bati, risasi na zinki 5 kila moja.

Siku fundi anaifunga kwenye bomba, nilisimama pale pale. Spana inashika ile pembe sita ya upande unaoingiza bomba, siyo upande wa pili, na usikaze kupita kiasi maana bomba likiingia sana linagonga geti la ndani na halitakaa sawa tena. Nilimkataza pia kuiacha nusu wazi, hii ni ya kufungua yote au kufunga yote, ukiiacha katikati geti linatetemeka na linalika na maji, ukitaka kupunguza maji weka valvu nyingine.

Kila baada ya miezi mitatu naifunga na kuifungua, nikifungua mpaka mwisho narudisha kidogo isikwame. Ya pili niliiweka kwenye laini ya maji moto ya sola, ikaanza kudondosha tone tone juu kwenye shafti, nikakaza nati ya pakingi, ile inayobana kizibo kinachozunguka shafti, robo mzunguko ikakauka.

Mwezi uliopita koki ya jikoni ikang'oka. Nikapanda, mizunguko kama sita, yakabaki yanachirizika kidogo, mchanga wa kisima ulikuwa umekaa chini kwenye mfereji wa geti, nikafungua kidogo yakausukuma, nikafunga tena, yakakata kabisa.