Glavu Moja, Noti na Kachumbari

Sikukusudia kuandika lolote kuhusu mgahawa ule wa Kariakoo, kwa kuwa pilau yake nimeila kwa miaka kadhaa bila kuijutia, lakini nilichokiona hivi karibuni wakati wa chakula cha mchana kimenitia hasira ambayo bado haijanitoka.

Kijana aliyekuwa akipakua chakula alivaa glavu ya plastiki katika mkono wa kulia. Kwa mkono huohuo alipokea noti ya shilingi 10,000 kutoka kwa mteja aliyenitangulia, akachambua chenji ndani ya kikopo, akajifuta jasho la usoni, kisha akautumbukiza katika beseni la kachumbari na kuniwekea konzi nzima juu ya pilau. Kachumbari, jamani, kitu kisichopita motoni! Nilipomwuliza kwa upole kwa nini havui glavu anaposhika fedha, alijibu kwa sauti iliyoifanya foleni nzima inigeukie: "Mzee, si glavu hii hapa nimevaa?"

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa mgeni wa mambo hayo. Nilipomkazia, alinieleza bila kigugumizi kwamba mtu anawe kwa sabuni kwa sekunde 20, kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwamba yeye amepima afya na cheti chake kipo ukutani. Kweli kilikuwepo, tena ndani ya fremu. Lakini kipimo cha choo kilichompatia cheti hicho hueleza hali ya mtu siku aliyopimwa tu. Noti iliyozunguka sokoni tangu alfajiri hakiijui. Glavu nayo huchafuka kama kiganja kinavyochafuka, ila aliyeivaa hausikii uchafu huo, na ndiyo maana hanawi.

Nilikwenda kunawa nikiwa nimeazimia kutorudi tena. Koki ya ndoo ikatoa matone mawili, ikanyamaza, na chupa ya sabuni ilikuwa na maji yenye povu la jina tu. Hapo hasira yangu ikahama, kwa sababu sikuona kijana yule angenawia wapi hata kama angetaka, huku mwenye mgahawa ameketi hatua tatu nyuma yake, macho kwenye simu, asimwekee mtu wa kupokea fedha wala kijiko cha kupakulia kachumbari. Huenda nilimwonea kijana. Hata hivyo, lile jibu lake mbele ya watu sijalisamehe.

Kwa hiyo nilitaka kuwaambia msiende, lakini ningekuwa mnafiki, kwani juzi nilirudi. Pilau ilikuwa inafuka mvuke, nikaiomba bila kachumbari. Kijana alinitambua, akaniamkia kwa heshima zote, akanikabidhi sahani kwa mkono wa glavu, dole gumba likiwa limezama ndani ya wali.