TAHADHARI: Hita za shawa za "fundi bure" kwenye fleti za zamani

Jamani wa Tudor, Ganjoni na Makadara hapa Mombasa, yule muuzaji wa hita za "fundi bure" (ukinunua hita, fundi wake anakufungia bila malipo) bado yuko, na sasa anabisha mlango kwa mlango. Inaudhi, na aibu yake kubwa ni kwamba hata sisi tunaoshika testa kila siku tulimsikiliza tukamwitikia.

Lakini mtu anajua kushawishi! Boksi jipya, risiti ina muhuri, na dukani kafunga hita moja ukutani. Anafungua bomba, sekunde chache mvuke huo. Ukiuliza waya, jibu liko tayari: "Dada, hii unaunga popote, hata kwenye taa ya bafu." Unatazama maji, hutazami kwamba ile ya dukani ina waya wake mnene unaotoka moja kwa moja kwenye breka.

Hesabu iko kwenye boksi lenyewe. Wati 5,500 kwa volti 240 ni karibu ampea 23. Waya wa taa kwenye fleti hizi ni wa milimita za mraba 1.5, fyuzi yake ampea 5. Fundi wake anaunga juu ya dari kwa konekta na tepu, fyuzi ikikatika anatia uzi wa fyuzi mnene zaidi. Hapo hakuna tena cha kukata stima. Ganda la waya linalainika, konekta inayeyuka, moto unaanzia usipouona. Wengine wanawekewa plagi ya ampea 13, na kwa kuwa joto hupanda kwa mraba wa ampea, plagi inapata joto mara tatu ya inalostahimili.

Halafu waya wa athi, ule wa kupeleka ardhini stima inayovuja, anaukata kwa koleo, eti jengo la zamani halina athi! Na maji ya visima vyetu yana chumvi, yanapitisha stima vizuri, na koili ya hita zake iko wazi ndani ya maji. Huyu akamatwe, ashtakiwe, alipe kila nyumba aliyoingia. Kurudishiwa pesa tu hakutoshi!

Dalili zake: haulizi kama maji ni ya kisima, hafungui fyuzi boksi, leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati inayosajili mafundi wa stima, haonyeshi. Hita kama hiyo inataka waya wake peke yake wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye fyuzi boksi, breka ya ampea 32, swichi ya dabo-poli (inayokata nyaya zote mbili za stima) nje ya bafu, athi iliyopimwa, na breka ya kukata stima inayovuja, miliampea 30. Fyuzi kuu ya fleti ikiwa ampea 30, usifunge kabisa.

Alishafunga kwako? Zima meni swichi, hita itenganishwe na ile taa leo. Risiti na boksi msitupe, ndio ushahidi.